Magari ya Jeshi Juu ya Reli ya Papa

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja karibu na soko kuu. Alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na alinivutia kiti huku akipasha moto chuma chake cha kulehemu. Moshi mwembamba ulipanda, ule wenye harufu ya utomvu uliochomwa na bati la moto. Nilisimama. Nilimwambia nitarudi kesho, nikatoka bila kungoja jibu, nikajikuta ng'ambo ya barabara, mkono mdomoni, waendesha toleka wakinipigia kengele niwapishe na baiskeli zao. Ile ilikuwa harufu ya nyumba yetu ya Lubunga. Kwetu risasi ilikuwa kitu cha kuunganishia bati kabla haijawa kitu kingine.

Tulikaa ng'ambo ile ya mto, upande wa kushoto, si mbali na stesheni. Papa alikuwa dereva wa treni. Wa rika langu mnaikumbuka ile njia, inayotoka Lubunga kwenda Ubundu kupita msituni, kwa sababu maporomoko ya mto hayaruhusu meli kupanda. Lakini mimi nilipopata akili treni ilikuwa imeshasimama. Hakuna mtu aliyekuja kumwambia papa kwamba kazi imekwisha. Kwa hiyo aliendelea kuvaa kofia yake asubuhi, akaenda gareji, akakaa kivulini kando ya kichwa cha treni ambacho majani yalikuwa yameanza kukipanda, na saa sita akarudi nyumbani kula mihogo na pondu, majani yake yaliyotwangwa, kama mtu aliyetoka kazini.

Baadaye akaanza kurudi na vitu mfukoni. Vipande vya bati, nati, waya. Akauchukua mlango wa ghala moja lililobomoka, akaulaza juu ya mapipa mawili katika chumba chetu cha mbele, na juu ya mlango huo akajenga njia yake yote upya, ndogo. Reli zilikuwa vipande vyembamba vya bati alivyovikunja ukingoni, mataruma yalikuwa vijiti vya ufagio wa mawese vilivyokatwa sawasawa. Msitu ulikuwa dodoki kuukuu lililochovywa rangi ya kijani. Mabehewa aliyatengeneza kwa makopo ya sardini na ya maziwa, na ukiinama karibu ungeweza bado kusoma nusu ya neno ubavuni. Kichwa cha treni kilikuwa na mota iliyotolewa katika redio-kaseti iliyokufa. Betri tulizianika juu ya paa ili zipate nguvu kidogo, na zikipata, treni ilitoka stesheni ikitetemeka, ikazunguka msitu, ikavuka daraja, ikafika Ubundu kwenye kona ya mlango, pale kitasa kilipokuwa zamani. Papa alipiga honi kwa mdomo. Wakati huo tu ndipo nilipomwona akicheka na meno.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yalikuwa yanang'oka na kuota. Kaka yangu Sadiki alikuwa amenizidi sana. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, na mama alikuwa akimwambia asioge tena mbele yangu. Sadiki alikuwa na macho makali. Akiangalia kitu mara moja, kinakaa ndani yake. Kitu alichokitamani wakati ule, baada ya askari kuingia mjini, kilikuwa ni kuweka magari ya jeshi juu ya ile reli.

Mnakumbuka jinsi walivyokuja. Majeshi mawili ya kigeni, yakitembea pamoja kama marafiki, kila moja likiwa na vikundi vyake vya wenyeji. Mji ulijaa malori ambayo hatukuwahi kuyaona. Sadiki alishinda kwenye gati la bac, kivuko kile kikubwa cha kuvushia magari, amekaa juu ya lundo la mchanga, anayatazama yakipanda na kushuka. Jioni aliyafinyanga kwa udongo uani, moja baada ya jingine, magurudumu yote mahali pake.

“Papa,” alisema siku moja, “tuweke treni ya jeshi. Na mabehewa ya kubeba malori. Iko muzuri.”

Papa alikuwa amepiga magoti mbele ya daraja lake. “Hapana.”

“Lakini papa, njo hivi vitu vinapita sasa. Hakuna treni ingine.”

“Reli ni ya kupeleka batu na mafuta ya mawese. Haiko ya vita. Acha ile mambo, Sadiki.”

Sadiki aliacha. Udongo ulikauka uani, mvua ikaunyesha, ukarudi kuwa tope.

Aliyeyarudisha magari hayo ni Commandant. Sikuwahi kujua jina lake lingine. Alikuwa mkubwa wa askari waliokaa upande wetu wa mto, mtu mrefu, mwenye sauti ya upole, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashariki, kilichonyooka, ambacho sisi tulikisikia redioni tu. Mtu alimwambia kwamba katika nyumba fulani kuna treni ya mezani inayotembea. Akaja mchana, akavua kofia, akainama kuingia. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Papa akaunganisha betri. Treni ikaenda Ubundu ikarudi, na yule mtu mzima mwenye bastola kiunoni akachuchumaa kama mtoto, shavu likikaribia kugusa bati.

“Mzee, hii ni kazi safi sana,” alisema. “Lakini sioni jeshi langu hapa.”

“Bon, mon commandant,” papa alijibu. “Mimi nilikuwa wa treni ya abiria.”

“Siku hizi reli bila jeshi hailindwi. Niwekee jeshi langu. Nitaleta vifaa.”

Alisema akitabasamu. Mimi niliona mtu mzima anayeomba kucheza na sisi, na nikampenda. Sikuona kwamba askari wawili waliobaki nje walikuwa wameelekeza bunduki zao kwenye mlango wa jirani.

Vifaa vilikuja kweli. Makopo ya chakula cha askari, bati laini kuliko la sardini. Betri mpya, ambazo hazikuhitaji jua, na mota ya pili. Kopo la rangi ya kijani kilichoiva. Mama aliviangalia vilipowekwa chini.

“Papa Sadiki,” alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, “vitu vya askari haviletaka muzuri mu nyumba.”

“Najua.”

“Alors?”

“Alors utamuambia weye kama sitaki?”

Mama akarudi jikoni.

Kazi ikawa ya Sadiki. Alikwenda kwenye bac, akatazama, akarudi na gari zima kichwani. Alikata bati kwa mkasi wa mama wa kushonea, akakunja boneti, akatoboa madirisha. Magurudumu aliyakata katika soli ya ndara zilizochakaa. Mzinga ulikuwa mrija wa kalamu, antena ya jeep ya redio ilikuwa mfupa wa mwavuli. Mimi nilipewa kazi ya viroba vya mchanga: nilishona vifuko vya ukubwa wa punje ya hindi kutoka kitambaa cha kitenge kilichokwisha, nikavijaza mchanga, na Sadiki akavipanga ukingoni mwa behewa la askari. Alinisifu. Alisema viroba vyangu vinaweza kuzuia risasi yoyote.

Papa alilehemu tu. Sadiki alimletea vipande viwili, akamwonyesha pale pa kuunganisha, papa akagusa kwa chuma cha moto, moshi ukapanda, akamrudishia bila kukigeuza kile kitu kukitazama. Hakuuliza ni nini. Nilidhani hajali kwa sababu vinaonekana rahisi kwake. Kumbe ilikuwa njia yake ya kukataa. Hakuwa na nyingine.

Jambo moja tu lilimwamsha. Treni zilikuwa mbili sasa, ya abiria na ile ya kijani, na reli ilikuwa moja. Hapo fundi aliyekuwa ndani yake hakuweza kuvumilia. Akajenga njia ya kupishana katikati ya msitu, na ulimi wa reli wa kusukuma kwa kidole. Alifanya kazi hiyo kwa makini, akipuliza vumbi, akipima kwa jicho. Ilipokwisha alitufundisha sheria yake: treni ya watu ndiyo inayopita kwanza. Ile ya jeshi inaingia pembeni, inangoja.

Commandant aliporudi, tulimwonyesha. Treni ya kijani ilitoka Lubunga na malori yake mawili, jeep, mzinga nyuma ya lori, na viroba vyangu. Ikafika msituni. Papa akasukuma ulimi kwa kidole, na treni ya kijani ikaingia pembeni ikasimama. Ile ya abiria ikaja taratibu kutoka Ubundu.

“Mbona jeshi langu linangoja?” Commandant aliuliza.

“Reli iko na sheria, mon commandant. Ile ya batu ilitoka mbele.”

Nilisikia mota ya redio-kaseti ikilia. Mama aliacha kutwanga. Kisha yule mtu akacheka, si kwa muda mrefu, akampiga papa begani.

“Sawa, mzee. Wewe ndiye mkuu wa stesheni.”

Alipoondoka papa alikaa chini ukutani, akabaki hapo mpaka chakula kilipopoa.

Sitaeleza vita. Ninyi mliokuwepo mlikuwa na sakafu yenu, sisi tulikuwa na yetu. Wale marafiki wawili waligombana katikati ya mji wetu, na mabomu yakawa yanapita juu ya mto. Sisi tulilala chini ya ule mlango wa papa, wote wanne, mama akiwa amenilalia. Kila bomu lilipotua ng'ambo, meza iliruka, na juu yetu mabehewa yaligongana, kelele ndogo za makopo. Nilisikia treni zikianguka moja moja. Nililia kwa ajili ya treni hizo, si kwa ajili ya kitu kingine. Sadiki alinyoosha mkono nje ya meza, akaikamata jeep iliyoanguka, akanipa nishike.

Kulipotulia, Commandant na watu wake walikuwa wameondoka. Hakuna aliyetuambia wamekwenda wapi. Mto ulikuwa na vitu ndani yake, na mama alinikataza kwenda kuchota maji. Nyumba ya jirani haikuwa na paa. Papa alizunguka kuzika watu pamoja na wanaume wengine, akarudi amelowa matope mpaka magotini, akalala bila kula. Katika siku hizo hakuna mtu aliyefikiria magari ya bati. Tulifikiria maji. Sadiki peke yake, nadhani kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi, aliyaokota, akanyoosha yaliyopinda, akayarudisha juu ya reli, kila moja mahali pake.

Askari wa lile jeshi jingine walikuja asubuhi moja kukagua nyumba. Waliingia watano au sita, na mkubwa wao alikuwa kijana, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Kiswahili chake kilifanana na chetu. Waligeuza godoro, wakamwaga kikapu cha mihogo, kisha yule mkubwa akafika mbele ya meza akasimama.

Aliiangalia kwa muda mrefu. Stesheni. Daraja. Gati la mto, ambalo papa alikuwa amelipaka rangi ya matofali. Na malori ya kijani juu ya treni, yakielekea Ubundu.

“Hii ni nini?”

“Iko muchezo,” papa alisema. “Mimi nilikuwa machiniste. Njo muchezo ya watoto.”

“Nani alitengeneza?”

“Mimi.”

“Yote?”

“Yote, chef. Mimi mwenyewe.”

“Papa, hapana,” Sadiki alisema. Alikuwa amesimama karibu na dirisha. “Reli njo ya papa. Magari ni yangu.”

“Nyamaza,” papa alisema. Sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile. “Chef, mutoto anasema tu. Ni mimi.”

Yule kijana hakukasirika. Alichukua lori moja, akaliweka juu ya kiganja chake, akamsogezea papa.

“Bon. Kama ni weye, niambie. Hii iko gari gani?”

Papa alilitazama. Nilimwona akilitazama kwa mara ya kwanza.

“Ni lori.”

“Ya nini?”

“Ya kubeba batu. Askari.”

Yule kijana akaligeuza. Nyuma yake kulikuwa na kile kindoano kidogo ambacho Sadiki alihangaika nacho siku nzima. Akachukua jeep.

“Na hii?”

“Jeep.”

“Na hii fimbo juu yake?”

Papa alifungua mdomo. Mimi nilijua. Nilijua vizuri kabisa, na nilikuwa ninapanda na kushuka juu ya vidole vya miguu kama darasani, nikiomba wanichague. Mama alinishika bega, akaminya mpaka nikatulia.

“Ni ya bendera,” papa alisema.

Yule kijana akamgeukia Sadiki. “Weye.”

Sadiki alimtazama papa. Halafu akajibu. Sauti yake ilikwaruza kidogo mwanzoni, kisha ikawa sawa. “Ile lori ni ya kuvuta muzinga, njo maana iko na ndoano. Na hii ni jeep ya radio. Ile ni antenne.”

“Uliona wapi?”

“Ku bac. Zilikuwa zinavuka.”

“Zilikuwa ngapi?”

“Sikuhesabu. Niliangalia tu vile ziko.”

“Donc njo weye unajua kuangalia,” yule kijana alisema. Akamwambia akusanye magari yote. Sadiki akatafuta chombo, mama hakusogea, kwa hiyo yeye mwenyewe akachukua beseni la mama la kuoshea mchele, akayaweka ndani moja moja, kwa uangalifu, yasipinde. Viroba vyangu pia.

“Tunaenda wapi?” aliuliza.

“Kuya,” yule kijana alisema, akimwonyesha mlango. “Utatueleza.”

Sasa ni lazima niseme nilichokiona mimi, mtoto, kwa maana nilikiamini kwa miaka. Niliona mtihani. Mwalimu aliuliza maswali, papa akayakosa, Sadiki akayapata yote, na aliyefaulu akachukuliwa. Nilijivuna. Nilimwona kaka yangu akitoka kwenye jua, beseni mikononi, askari wawili mbele na watatu nyuma, kama mtu mkubwa anayesindikizwa. Nilikimbia mpaka kizingitini nikampungia mkono. Yeye hakuweza kunipungia, mikono yake ilikuwa imejaa.

Papa alipita kando yangu akikimbia. Alimshika yule kijana mkono, akasema maneno mengi kwa haraka, Kiswahili na Lingala na Kifaransa, vyote vimechanganyika. Askari mmoja aligeuza bunduki akampiga kwa kitako chini ya sikio. Papa alikaa chini barabarani. Sikio lile halikusikia tena mpaka mwisho wa maisha yake. Nilidhani wamempiga kwa sababu alikosa majibu. Mwalimu wetu wa shule alifanya vilevile.

Mama hakulia. Alirudi ndani, akaanza kuokota mihogo iliyomwagika.

Siku zilizofuata papa alikwenda kambini kuuliza. Wakamwambia hawana mtu wa jina hilo. Akaenda kambi nyingine, akavuka mto, akauliza kila aliyevaa sare. Alikuwa akirudi nyumbani amegeuza kichwa upande mmoja ili sikio zima lipate kusikia tukimwambia kuna habari, na sisi hatukuwa na habari. Wengine walisema vijana waliochukuliwa walipelekwa mbali kubeba mizigo. Wengine walisema mambo ambayo waliyakatiza nilipoingia.

Mimi nilikuwa na habari yangu. Shule ilipofunguliwa niliwaambia wenzangu kwamba kaka yangu anawatengenezea askari treni. Treni kubwa, mota ya kweli, behewa la kulala. Nilisema atakapomaliza atatuletea moja. Hata mezani nilisukuma msitu wa dodoki pembeni ili kuacha nafasi, kwa sababu nilijua yake itakuwa pana zaidi. Watoto waliniamini. Mwalimu mmoja alinisikia nikisimulia, akanivuta kwake, akanishika kichwa muda mrefu. Nilidhani ni pongezi.

Siku moja papa alikuwa amekaa uani, anaondoa mawe kwenye maharage, kazi ambayo hakuwahi kuifanya zamani. Nilikaa mbele yake, upande wa sikio lake zima. Nilikuwa nimemhurumia kwa kushindwa kwake, na nilitaka kumfundisha ili siku nyingine ajue.

“Papa, ile fimbo haikuwa ya bendera.”

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

“Ilikuwa antenne,” nikasema. “Na ile lori ingine ilikuwa ya kuvuta muzinga. Kama ungejibu vizuri, wangechukua weye.”

“Ndiyo,” papa alisema. “Wangechukua mimi.”

Alisema taratibu, kama mtu anayemkubalia mtu mzima mwenzake. Kisha akaendelea na maharage. Nilifurahi kwamba tumeelewana.

Baada ya hapo alianza kwenda kwenye bac. Magari ya jeshi hayakukoma kuvuka. Yalibadilika rangi na wenyewe tu. Papa alisimama kando ya lundo la mchanga, kofia yake ya treni kichwani, akayatazama. Mara nyingine alinichukua. Alinionyesha kwa kidevu, asinyooshe kidole. “Ile ni ya maji. Ile ni ya kuvuta. Ile iko na chumba nyuma, ya wagonjwa.” Alizunguka gari lililosimama, akainama kuona chini, mpaka askari wakamfukuza. Jioni aliyarudia peke yake, akinong'ona. Majirani walisema vita imemlegeza akili. Watoto walimwita Papa Lori. Mimi niliona aibu, lakini pia niliona kwamba anajitahidi, na nilidhani siku moja watakuja tena kuuliza, yeye atajibu, na watampeleka kule aliko Sadiki.

Yeye pia, nadhani, hilo ndilo alilolingoja. Tofauti yetu ni kwamba yeye alijua kule ni wapi.

Mama ndiye aliyesimamisha jambo hilo. Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa kidogo, nimeweza kufunga Ramadhani nzima bila kuiba maji. Asubuhi moja, kama alivyonisimulia baadaye, alimwekea papa kanzu yake iliyofuliwa juu ya kitanda, akasema, “Papa Sadiki, leo twende tumusalie.” Papa alisema bado hatujui. Mama akasema, “Mimi ninajua. Mimi ndiye nilimuzaa.” Hakupandisha sauti. Papa alikaa karibu na ile kanzu kwa muda, halafu akaivaa.

Kwenye msikiti wetu mdogo, wanawake hukaa barazani nyuma ya pazia. Nilikuwa karibu na pazia, nikawaona wanaume mbele. Watu hawakuwa wengi. Sheikh, mzee aliyemjua papa tangu treni ilipokuwa inatembea, alimwita mbele kabla ya kupanga safu. Hakukuwa na jeneza. Hilo lilinipotosha, kwa maana nilikuwa nimeshaona mazishi mengi. Nilidhani tumekuja kuomba mvua, au dawa ya sikio.

“Jina yake?” sheikh aliuliza.

Papa aligeuza kichwa, akaleta sikio zima. Ni mama aliyelisema, kutoka kwetu nyuma ya pazia, kwa sauti ya kawaida ile aliyotumia kumwita kula. “Sadiki.”

Nilimtazama. Hakunitazama.

“Alifia wapi?”

“Sijui, sheikh,” papa alisema.

“Siku gani?”

“Sijui.”

“Nani alimuzika?”

Papa alianza kusema sijui tena. Nilimwona akiinua mkono na kuinamisha kichwa, kama mtu anayengoja kupigwa. Sheikh alimshika mkono, akaushusha taratibu.

“Basi,” alisema. “Mungu haulizi ile mambo. Simama karibu na mimi.”

Safu zikapangwa. Mama akanivuta nisimame ubavuni pake. Nilizijua sala zangu zote kwa wakati ule, na nilisimama wima, mikono kifuani, nikingoja kuinama, kusudi nikiinama nifiche uso. Sikujua bado kwamba sala ya maiti haina kuinama. Sheikh alitoa takbira, kimya, takbira tena, kimya. Nilingoja. Kisha mama akageuza uso wake kulia, akaugeuza kushoto, na ikawa imekwisha.